Fimbo ya Gehazi na Kifua cha Mama



Twaijua habari ya mama Mshunami katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mwanawe alishikwa na kichwa shambani asubuhi, na adhuhuri akafia mapajani pake. Mama yule hakuketi kulia. Alitandika punda, akamhimiza mtumishi asilegeze mwendo. Mumewe, ambaye hakuambiwa yaliyotokea, akashangaa: mbona aende leo, wala si sikukuu? Twamtaja mume huyu kwa sababu yumo katika nyumba zetu nyingi. Si mtu mbaya. Yeye huona tu kwamba kila safari ina siku yake.

Lakini mtoto mchanga akiugua, hakuna kungojea siku. Vijidudu vikienea katika damu yake, ugonjwa ambao madaktari huuita sepsisi, vyaweza kumwua kwa muda wa saa chache. Tena ugonjwa huu hauji kwa kelele. Mtu mzima hutetemeka na kuungua kwa homa, mchanga aweza kupoa tu, akaacha kunyonya, akalala mno, na majirani wakasema, "Mtoto mtulivu huyu!" Basi tushike dalili: anakataa ziwa, ana moto au ana baridi isiyo ya kawaida, anapumua mbio, kifua kinabonyea ndani, anashtuka-shtuka kwa degedege, au hajisogezi mpaka aguswe. Moja tu yatosha kumpeleka hospitali saa ile ile akapate sindano za kuua vijidudu. Asingojee arobaini, wala baba arudi safarini, wala Jumapili aombewe. Mchungaji atamfuata wodini, pikipiki anayo.

Turudi kwa Elisha. Kwanza alimtanguliza Gehazi na fimbo, aiweke usoni pa mtoto. Haikufaa kitu. Ndipo Elisha akaenda mwenyewe, akafunga mlango, akaomba, akajilaza juu ya mtoto mwili kwa mwili, hata ule mwili uliopoa ukarudiwa na joto.

Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Kolombia, Daktari Edgar Rey aliona watoto njiti wakilazwa pamoja katika mashine chache za joto, wakiambukizana. Akawaweka vifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa baada ya mtoto kupata nafuu. Aliye taabani alitengwa, na mama akabaki nje ya mlango. Hofu ilikuwa kwamba mama ataleta uchafu.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto 3,211 waliozaliwa na uzito usiofika kilo 1.8. Wengine walibebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, mama akipewa kitanda humo humo wodini. Wengine walingojea kwanza wapate nafuu. Kati ya waliongojea, karibu 16 katika kila 100 walikufa kabla ya siku 28. Kati ya waliobebwa mapema walikufa 12. Na ile sepsisi iliyohofiwa? Ilishukiwa kwa watoto 28 katika kila 100 waliongojea, na kwa 23 tu waliobebwa. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake, maana haikuwa haki kuwanyima wengine. Mama hakuwa uchafu. Alileta maziwa yake mapema, na mikono ya wageni ikapungua juu ya mtoto.

Wala kifua hakichukui nafasi ya sindano. Elisha naye aliomba kwanza, kisha akajilaza, hakuchagua moja.

Lakini ni nani awezaye kubeba mtoto kifuani mchana kutwa na usiku, huku akichota maji na kupika? Katika uchunguzi ule, mama alipochoka, ndugu wa kike alipokea. Hapa ndipo Kanisa linapoulizwa. Kutuma salamu na sabuni ni vema, ila hiyo ni fimbo ya Gehazi. Kifua cha bibi chafaa, na cha baba chafaa pia, hata kikiwa na manyoya.

Na akishapona, aongeleshwe, aimbiwe, achezeshwe. Kule Jamaika, wahudumu wa afya walizitembelea nyumba za watoto waliodumaa, saa moja kila juma kwa miaka 2, wakiwafundisha mama kucheza na watoto kwa vitu vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye watoto wale walipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa robo.

Jumapili ijayo, baada ya Ibada ya pili, akina mama waliowahi kubeba watoto njiti watawaonyesha wengine jinsi ya kufunga kanga. Akina baba wanaombwa wasitoke. Njooni na kanga mbili.