Je, Mzazi Aliyechoka Amekosa Mapendo?

Sisi wakatekista twaulizwa neno hili na mama wakristu, tena kwa sauti ndogo: "Mwanangu avunja vyombo, auma wadogo zake, haogopi fimbo wala hasikii neno jema. Siku nyingine nashindwa hata kumtazama. Je, nimetenda dhambi?"

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Hakusema kwamba ni kufurahi saa zote. Mama anayeamka mara nne usiku ili mtoto asitoroke, hata akinung'unika, ampenda. Kuchoka ni jambo la mwili, na mwili tumepewa na Mungu. Kumpiga mtoto mpaka aumie ni jambo lingine. Hilo halina udhuru.

Lakini majirani nao wana sehemu yao, na wengi wao ni watu wa misa. Ndio wanaoanza kunong'ona: "Mtoto huyu ni mchawi." Basi mzazi aliyekuwa na mzigo mmoja sasa ana miwili. Kisha huitwa watu wa vyumba vya maombi, wanaomfungisha mtoto chakula na kudai pesa. Mwisho wake twauona katika njia za Kinshasa na Lubumbashi: watoto waliofukuzwa kwao, wanaolala sokoni. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 yaweka adhabu. Lakini askari hawezi kukaa katika kila ua.

Si kila mtoto mtundu ni mgonjwa, tukubali. Lakini malaria ikipanda kichwani, mtoto aweza kupona homa, akabaki na kifafa, au na tabia iliyogeuka: ukali, kutotulia. Fimbo haiponyi hayo, kama isivyoponya kuhara. Apelekwe kwa mganga wa hospitali. Huko Bukavu watawa wa Frères de la Charité walianzisha Sosame, kituo cha wagonjwa wa akili.

Hata hivyo, jioni mama hurudi na mtoto katika nyumba ileile. Mashauri yetu ameyashiba. Mtu akae na mtoto tangu asubuhi mpaka saa sita, ili yeye aende sokoni, au alale tu. Na siku ya Mungu, mtoto akipiga kelele kanisani, watu wasigeuke kumkazia mama macho. Apewe nafasi karibu na mlango, na mmoja wetu aketi naye.