MOYO UKISIMAMA, JE, AJALI IMEFIKA?

Neno lisikiwalo sana kilioni katika miji yetu ya pwani ni kwamba ajali haina kinga. Husemwa juu ya mtu mzima aliyeanguka sokoni mchana kweupe, na juu ya yule aliyeshika kifua chake baada ya sala ya Isha na kabla ya alfajiri akawa maiti. Neno hilo ni la haki, na mwenye kulikanusha ana kasoro katika imani yake. Lakini twaona kwamba lina matumizi mawili. La kwanza ni kumliwaza mfiwa, na hilo ni jema. La pili ni kuwaliwaza walio hai, ili wasijiulize kama hospitali ya mji wao ilikuwa na mtu wa kumpokea mgonjwa yule, na chombo cha kumtazamia, na dawa ya kumpa. Hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwanza yafaa tujue ni kitu gani kinachotokea. Watu huchanganya mambo mawili. Moja ni mshtuko wa moyo, nao ni kuzibika kwa mshipa uletao damu katika nyama ya moyo wenyewe, hata sehemu ya nyama hiyo ikaanza kufa. Mgonjwa huwa yu hai, asema, atoka jasho jembamba, na alalamika uzito kifuani. La pili ni moyo kusimama. Hapo mara nyingi umeme wa moyo huparaganyika, nao ukawa watetemeka badala ya kupiga, na damu haiendi popote. Mtu huanguka hana fahamu, na ubongo huanza kuharibika katika dakika chache. La kwanza laweza kuzaa la pili kwa ghafla, na ndiyo sababu mgonjwa wa kifua hangojewi mpaka asubuhi.

Sasa mas-ala yenyewe ni haya: huyu ambaye moyo wake umesimama, je, amekufa? Na anayembonyeza kifua na kumpiga umeme, je, ashindana na Mola wake?

Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafii, na jawabu lake tunalo tangu zamani. Katika kitabu chake Al-Umm alipendekeza maiti asiharakishwe kuoshwa mpaka zionekane alama za mauti, kwani huenda mtu akawa amezimia tu. Na aliyepigwa na radi au aliyezama akataka angojewe, hata kama ni siku mbili au tatu. Tazama jinsi mwanachuoni huyu, aliyekufa mwaka 204 wa Hijra, alivyokataa kuhukumu mauti kwa kuona tu kwamba mtu hatikisiki. Mauti ni jambo la kuyakinishwa, halihukumiwi kwa dhana. Ajali ya mtu iko katika elimu ya Mwenyezi Mungu, wala sisi hatukupewa daftari lake tulisome. Basi anayesema juu ya mtu aliyeanguka dakika mbili zilizopita kwamba ajali yake imekwisha, amesema asilolijua, hata akilisema kwa sauti ya ucha Mungu. Na mtu huyo akiinuka baada ya kutibiwa, hakuna ajali iliyoshindwa. Imedhihirika tu kwamba ajali yake haikuwa imefika.

Sayyidna Umar alipokuwa akiiendea Sham akapata khabari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama akimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kwamba aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la pande mbili, moja lina majani na moja kavu. Popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari. Dawa ni katika kadari, na kukosekana kwa dawa ni katika kadari vile vile. Tutakaloulizwa ni upande gani wa bonde tuliouchagua.

Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas aliugua, Mtume wetu (S.A.W.) akaja kumzuru, akauweka mkono wake kifuani mwake, akamwambia kwamba ana maradhi ya moyo, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa alikuwa tabibu. Baadhi ya wanavyuoni wa hadithi wamesema neno katika isnadi yake, nasi hatulifichi hilo. Wala hawakuafikiana kama Harith alisilimu. Lakini maana yake yaafikiana na yaliyothubutu katika hadithi nyingine, kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila uliteremshwa pamoja na dawa yake.

Dawa hizi za moyo hazikuja kwa siku moja. Mwaka 1947, katika mji wa Cleveland huko Marekani, daktari Claude Beck aliurejesha kwa umeme moyo wa kijana wa miaka 14 uliosimama akipasuliwa, na kifua chake kilikuwa wazi. Mwaka 1956 Paul Zoll wa Boston akaonyesha kwamba umeme waweza kupitishwa juu ya ngozi bila ya kupasua. Mwaka 1960 mabwana watatu wa Baltimore wakaeleza jinsi ya kubonyeza kifua kwa mikono mitupu, ili damu iende mpaka chombo kifike. Kisha mwaka 1966 Frank Pantridge wa Belfast akaona kwamba wengi hufa kabla ya kufika hospitali, akakitia chombo chake ndani ya gari, kikitumia betri za gari, nacho kilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Leo chombo hicho hubebwa kwa mkono mmoja. Huyasoma mapigo chenyewe, humwambia mshikaji kwa sauti afanye nini, na kikiona moyo hauhitaji umeme hukataa kuutoa. Kila dakika ipitayo kabla ya umeme huo, matumaini ya mgonjwa hupungua kwa sehemu 7 hadi 10 katika 100.

Wala si kila jambo hapa ni la mashine. Mwaka 1988 zilitangazwa khabari za wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo katika nchi mbali mbali: waliopewa kidonge cha aspirini tu vifo vyao vilipungua kwa karibu sehemu moja katika tano, na waliopewa aspirini pamoja na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda vikapungua kwa karibu sehemu mbili katika tano. Aspirini ni dawa ambayo maskini aweza kuinunua kwa sarafu. Hata hivyo haitolewi kwa kubahatisha, kwani kuna ambao huwatoa damu, na ndiyo maana tunasema pawe na mjuzi.

Basi hospitali ya mji mdogo yahitaji nini? Hatusemi kila mji uwe na chumba cha kupitishia waya ndani ya mishipa. Hicho ni cha hospitali kubwa, na chataka madaktari ambao ni wachache. Twasema juu ya mashine ya kupima umeme wa moyo, ambayo karatasi yake yaweza kupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa bingwa aliye mbali akaisoma papo hapo. Juu ya dawa ya kuyeyusha damu. Juu ya chombo cha kuushitua moyo. Na juu ya wauguzi waliofunzwa, usiku na mchana. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na mtu wa kisiwani Lamu ana bahari ya kuvuka kabla hajaiona barabara. Safari hiyo haimngoji mwenye mshipa ulioziba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ni sheria njema. Lakini mlango ulio wazi na ndani hamna kitu, huyo aliyeingia amepewa nini?

Imamu Ghazali katika Ihya aliihesabu elimu ya utabibu kuwa ni fardhi ya kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliojazana katika elimu ya fikihi na mabishano yake, na miji yao haina tabibu Muislamu. Fardhi ya kifaya wakiisimamia wachache huwatosheleza wengine, na ikiachwa na wote wote wapata dhambi. Hata hivyo twaiona yatajwa zaidi katika sala ya maiti kuliko katika jambo la kumzuilia mtu asiwe maiti.

Na wenzetu wa kale waliisimamia kwa wakfu. Sultani Qalawun wa Misri aliijenga hospitali yake mjini Kairo mwaka 1284, akaiwekea wakfu ambao mapato yake yalilipa matabibu, dawa na chakula cha wagonjwa. Ibn Nafis, aliyekufa mwaka 1288, ambaye ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita katika mapafu ndipo ikafika upande wa kushoto, aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake. Tazama kwamba wakfu ule haukuwa wa majengo peke yake. Ulikuwa na mishahara ndani yake.

Hapa tuna neno na matajiri wetu, Mwenyezi Mungu awazidishie. Chombo hupendwa kutolewa kwa sababu chaonekana, na huandikwa jina. Lakini chombo cha kuushitua moyo kina betri ifayo, na vibandiko vya kifuani vyenye tarehe ya kwisha, na mashine ya kupima moyo haina faida ikiwa karatasi zake zimekwisha. Mwenye kutoa fedha za vibandiko kila mwaka, au za kumsomesha muuguzi mmoja na kumrudisha masomoni kila baada ya muda asije akasahau, hapigwi picha. Twadhani sadaka yake ni jaria kuliko ya mwenye picha, wallahu aalam. Na wala mafunzo yasiwe ya wauguzi pekee. Kubonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni jambo ambalo kijana wa madrasa hufunzwa kwa alasiri moja.

Kuna jambo la wanawake ambalo halisemwi. Mwanamke apatapo mshtuko wa moyo, mara nyingine hana maumivu makali ya kifua; huhema, hutapika, huumwa taya au mgongo, na huchoka mno. Nyumbani huambiwa ni kiungulia, akapewa tangawizi, kisha akangojewa mume arudi. Na akianguka, wako waonao haya kumfunua kifua, au wasemao hakuna maharimu wa kumgusa. Fikihi yetu imeruhusu tabibu kuangalia na kugusa kwa kadiri ya haja, akiwa hakuna mwanamke wa kuifanya kazi hiyo. Na hapa haja ni roho ya mtu. Atandikwe nguo baada ya vibandiko kuwekwa. Lakini haya isiyomwacha mwanamke aishi sisi hatuijui katika dini yetu.

Wala hatusemi kwamba kila anayekata roho apigwe umeme. Mzee aliyemalizwa na maradhi marefu, na madaktari waaminifu wamekubaliana kwamba hakuna tena la kumfaa, huyo haki yake ni kuelekezwa kibla, kutamkishwa shahada na kushikwa mkono na wanawe. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu ilipokutana Amman mwaka 1986 iliafiki kwamba ubongo ukisita kabisa kwa hukumu ya mabingwa, yafaa mtu kuondolewa vyombo hata kama moyo bado wapigishwa na mashine. Mauti yana mlango wake; tulichokataa ni kumsukuma mtu mlangoni kwa uzembe kisha tukayaita mapenzi ya Mola.

Yamebaki mas-ala ya zaka, ambayo huulizwa kila yatajwapo mambo kama haya. Wako wanavyuoni wa zama za karibu waliolipanua fungu la njia ya Mwenyezi Mungu hata likazichukua hospitali. Katika madh-habi yetu haijuzu zaka kununulia mashine ya hospitali, kwani ina watu wake manane na lazima imilikishwe. Mashine itoke katika sadaka na wakfu. Lakini mgonjwa fakiri aliyelala pale, naye hana fedha za dawa ya kuyeyusha damu yake, yumo katika fungu la kwanza kabisa. Apewe zaka mkononi mwake, au mkononi mwa aliyemwakilisha, na apewe usiku ule ule.