Furaha ya Mahali Pakali: Kutoka Majabali ya Elgon hadi Magenge ya Pwani

Mahali pakali ni pale ambapo ardhi haikumwandalia binadamu kitu. Hapana tambarare ya kulima, hapana njia ila iliyochongwa kwa jasho, na mguu ukiteleza mara moja mtu huenda asirudi. Magenge ya bahari yako hivyo, na vilele vya milima vivyo hivyo. Hata hivyo watu hupaendea kwa hiari yao. Huchoka, hulowa, huogopa, kisha hurudi wakisema wamefurahi. Hapo ndipo linapozuka swali la dini na falsafa: furaha hiyo ni ya namna gani? Je, ni ibada, ni starehe tu, au ni kusahau kwamba mahali penyewe pana wenyewe na pana makaburi?

Wakazi wa Kitale na Bungoma wanalijua swali hili kwa karibu, ingawa Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao kwa barabara. Wanaishi chini ya Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, volkano ya kale iliyozimika. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Upande wa Kenya, Koitobos hufikia mita 4,222. Juu kabisa kuna kaldera yenye upana wa kilomita 8 hivi, iliyozungukwa na kuta za miamba. Mto Suam hutokea humo kwa kupasua korongo upande wa mashariki, ukageuka kuwa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana, ziwa lisilo na mto unaotoa maji yake. Mito mingi ya Bungoma hujiunga na Nzoia, ambao huporomoka kwenye miamba ya Nabuyole karibu na Webuye, ukaingia Ziwa Viktoria na hatimaye kusafiri na Naili hadi Mediterania. Mito hiyo haiifikii Bahari ya Hindi. Mwanafunzi wa Bungoma anayepelekwa Mombasa kwa ziara ya shule hukutana na maji ambayo hayana ujamaa wowote na mto wa kwao. Ukali wa magenge, lakini, anaujua tangu nyumbani.

Jabali la pwani lina historia yake. Sehemu kubwa ya mwamba unaoonekana Watamu, au kwenye rasi ya Malindi penye mnara wa Vasco da Gama, ni matumbawe yaliyokuwa hai miaka takriban 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yalipoteremka, matumbawe yalibaki nchi kavu yakawa mawe. Mawimbi ya leo huyatafuna kwa chini, hata genge likabaki limening'inia juu ya maji, na uso wake una ncha za kukata nyayo. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, bahari huchafuka na mshindo wa mawimbi husikika mbali na ufuo. Elgon uliumbwa na moto, genge la pwani likajengwa na viumbe vidogo vya baharini. Kazi zote mbili zilikamilika bila kumngoja binadamu.

Jambo hilo linaonekana waziwazi katika mapango ya Elgon. Pango la Kitum, ndani ya mbuga ya taifa iliyo magharibi ya Kitale, limeingia mlimani kiasi cha mita 200. Kuta zake zina chumvi, na kwa vizazi vingi ndovu wamekuwa wakiingia humo usiku, wakipapasa njia kwa mikonga gizani, wakichimba mwamba kwa pembe zao na kuula. Mgeni anayesimama mlangoni akistaajabia ukubwa wa pango huwa anastaajabia pia kazi ya wanyama waliotafuta chumvi, si uzuri. Watu nao waliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na mifugo yao, na msafiri Joseph Thomson aliwakuta humo alipopita katika safari yake ya 1883 na 1884.

Jibu la kwanza kuhusu furaha ya mahali pakali limetoka kwa watu wa dini, nao wamelipokea suala hili kwa mikono miwili tofauti. Kwa mkono mmoja wamepatafuta mahali pakali. Musa alizungumza na Mola wake mlimani. Mtume Muhammad alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kuteremshiwa wahyi. Yesu alipanda mlimani kusali peke yake. Kwa mkono wa pili wameonya. Katika Qurani, Musa anapoomba kumwona Mola wake, mlima wenyewe unavunjikavunjika. Kwa hiyo mlima haumbebi Mungu. Katika Biblia, nabii Eliya anasimama Horebu ukapita upepo wa kupasua miamba, kisha tetemeko, kisha moto, na Mungu hayumo katika lolote kati ya hayo, ila sauti ndogo inakuja baadaye. Mwanamke Msamaria anapouliza kama pa kuabudia ni mlima wao au Yerusalemu, Yesu anamjibu kwamba ibada ya kweli haifungwi na mahali. Mafundisho haya yanakubaliana: mahali pakali humwandaa mtu, lakini hapachukui nafasi ya Yule anayeabudiwa.

Imani ya Wabukusu haipingani na onyo hilo. Wele Khakaba, Mungu mwenye kugawa, katika masimulizi yao aliumba mbingu kwanza na kuishikiza kwa nguzo, kabla ya watu wa kwanza, Mwambu na Sela. Mlima ni sehemu ya kazi yake. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alikataa dai la wageni kwamba Waafrika waliabudu mawe na miti. Alieleza kwamba vitu hivyo huunganishwa na Mungu au na roho, wala havishiki nafasi yake. Kwa hoja hiyo, mtu anayetetemeka moyoni mbele ya jabali haabudu jabali. Kutetemeka kwake ni kicho, na kicho kina mwelekeo: kinapita kwenye jiwe kikaenda mbele zaidi.

Mfano mkubwa wa eneo hili ni Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940. Yeye na wafuasi wake waliuita Elgon Sayuni yao, wakaelekeza maombi yao huko. Mwaka 1947 aliwaongoza maelfu ya wafuasi hadi Chetambe, kilima cha miamba kilicho juu ya Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo mwaka 1895 na jeshi lililoongozwa na Waingereza. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948, na Masinde akazuiliwa mbali na kwao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa watu hawa mwinuko wa mawe ulikuwa hekalu na kaburi kwa pamoja. Anayesimama leo Chetambe akitazama bonde la Nzoia na kufurahia upepo amesimama penye damu. Hakuna sheria ya dini inayomkataza kufurahi, lakini furaha isiyojua hilo ni furaha ya asiyejua alipo.

Falsafa ya Ulaya ilileta jibu la pili. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uamuzi, alitaja majabali yanayoning'inia, volkano na bahari iliyochafuka, akasema vitu hivyo hupendeza kadiri vinavyotisha, mradi mtazamaji awe mahali salama. Kwa maelezo yake, mwili hujiona mdogo mbele ya nguvu za asili, kisha akili ikagundua kwamba ndani ya binadamu mna kitu ambacho nguvu hizo haziwezi kukishinda, yaani uhuru wa kimaadili. Furaha hutokana na ugunduzi huo.

Jibu hili lina ukweli, ila lina kasoro mbili. Ya kwanza, linamtegemea mtazamaji aliye salama. Waliolala katika mapango ya Elgon pamoja na ng'ombe wao hawakuwa na roshani ya kutazamia hatari kwa mbali, na bado waliupenda mlima wao hata wakauimba. Mvuvi wa Watamu anayepitisha ngalawa kwenye mlango wa mwamba wakati wa kusi haitazami bahari kutoka hotelini, na bado hangekubali kuhamishiwa bara. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kwa Kant safari ya kwenda kwenye genge huishia kwa binadamu kujisifu: alikwenda kuiona bahari, akarudi amejiona mwenyewe.

Kitabu cha Ayubu kinaelekea upande mwingine. Ayubu anapodai maelezo ya mateso yake, Mungu anamzungusha katika mahali ambapo binadamu hana kazi yoyote: milango ya bahari, maghala ya theluji, mbuzi-mwitu wanaozaa majabalini bila mkunga, mvua inayonyesha kwenye nyika isiyo na mtu. Mvua hiyo haikunyeshea shamba la yeyote. Ndovu wa Kitum wamo katika somo hilohilo. Wao walilitanua pango kwa haja yao, gizani, bila mtazamaji, na dunia haikupungukiwa na chochote kwa kukosa kutazamwa. Hapa ndipo ilipo asili ya furaha ya mahali pakali. Mtu hufurahi kugundua kwamba ulimwengu haukuumbwa kwa ajili yake peke yake, na kwamba kutokuwa yeye kitovu hakumdhuru, bali humpumzisha. Furaha hiyo ni jirani wa karibu wa ibada, kwa sababu kumwabudu Mungu huanza pale mtu anapokubali kwamba yeye si Mungu.

Likikubaliwa hilo, mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba furaha ya kweli haifichi hatari. Mwezi Machi 2010, mteremko wa Elgon upande wa Uganda uliporomoka huko Bududa na kufukia mamia ya watu. Novemba 2019 maporomoko ya udongo yaliua watu kadhaa Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale. Wageni wawili wa pango la Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya Marburg wakafa. Bahari nayo huchukua waogeleaji na wavuvi. Anayesema mlima ni mwema kwa sababu una mandhari mazuri atakosa la kumwambia mjane wa Bududa. Dini zenye hekima hazikusema hivyo. Zilisema mlima ni wa Mungu, na Ayubu hakupewa sababu ya mateso yake hata mwisho. Kicho hubeba uzuri na msiba pamoja. Starehe hubeba uzuri tu, na kwa hiyo huvunjika msiba unapofika.

La pili ni deni la mgeni kwa wenyeji. Ikiwa mahali hapakuumbwa kwa ajili ya mtazamaji, basi mtazamaji hana haki ya kuwaondoa wengine ili apate kupatazama. Elgon una historia chungu katika hili. Mbuga ya taifa upande wa Kenya ilianzishwa mwaka 1968, mwaka uleule ambao serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku Dini ya Msambwa kwa mara nyingine. Mwaka 2000 nyika ya juu ya Chepkitale, makao ya Waogiek wa Elgon, ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na wenyeji wakakabiliwa na kufukuzwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Bungoma iliamua kwa upande wao. Wanyamapori wanahitaji ulinzi, na mbuga zimeokoa misitu mingi. Lakini ulinzi unaoanza kwa kumwondoa mtu ambaye baba zake waliutunza mlima hujenga dhana ya uongo kwamba mahali pakali lazima pawe patupu.

Pwani inatoa mfano wa utaratibu bora. Makaya ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, ni misitu mitakatifu iliyotunzwa na wazee. Kaya Kinondo, karibu na Diani, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe hatua chache kutoka baharini. Wadigo wanaoimiliki hupokea wageni kwa masharti: mgeni hufunga kitambaa cha kaniki kiunoni, huongozwa na mwenyeji, wala hachukui jani wala kijiwe. Masharti hayo hayamnyimi furaha. Yanamfundisha ni furaha ya namna gani inayofaa pale, yaani ya mtu aliyekaribishwa.

Kwa hiyo swali lina jibu. Kufurahia genge la bahari au jabali la Elgon si dhambi, wala si ibada kamili. Ni mlango wa ibada kwa anayeingia akikubali udogo wake, akikumbuka waliokufa pale, na akiwatii wanaopatunza. Walimu wa Kitale na Bungoma wanaoandaa ziara za wanafunzi kwenda Mombasa au kupanda Elgon wana nafasi ya kufundisha mambo hayo matatu kabla basi halijaondoka: nani aliishi huko, nani alikufa huko, na nani anayepatunza leo. Mwanafunzi anayeyajua atafurahi zaidi ya yule anayekwenda kupiga picha tu, kwa kuwa ataona mahali penyewe kama palivyo.