Je, Imani Inaogopa Kitabu?

Nikisomea biashara chuoni, nilipenda kujificha maktaba na vitabu vya historia. Siku moja nikakutana na Gilgamesh, hadithi ya kale ya Babeli iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo. Mwaka 1872, George Smith alitangaza London kwamba ndani yake kuna gharika, chombo kikubwa, na ndege waliotumwa kutafuta nchi kavu. Nilishtuka. Sasa Nuhu wetu je? Nikafunga kitabu. Jumapili nikaongoza maombi kama kawaida, moyo ukitetemeka.

Leo naona kusoma hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kujifanya. Katika uhasibu, anayemficha mkaguzi vitabu ndiye tunayemshuku. Danieli alifundishwa maandiko ya Wakaldayo, na bado alipiga magoti mara tatu kwa siku.

Basi nilirudi, nikasoma mpaka mwisho. Kule miungu yenyewe inaikimbia gharika kwa hofu. Kwa Nuhu, Mungu anafanya agano. Maswali mengine bado ninayo, lakini siyafichi tena.

Kijana, una swali? Lilete. Mzazi, akilileta, usimfokee. Keti naye, msome pamoja.