Kura na Lawama

Mzazi amepewa barua ya kumpeleka mwanawe hospitali ya macho, na hakwenda. Wengi wetu hapa Nakuru tungesema hajali, tena tungesema hivyo upesi.

Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari wa macho Hillary Rono katika shule 50 za Trans Nzoia. Programu ya simu ya kupima macho iliyotumika, Peek, ilikuwa imejaribiwa awali kwa watu wazima hapa kwetu Nakuru. Shule ziligawanywa kwa kura. Upande mmoja walimu walipima macho kwa kadi ya kawaida, na mtoto mwenye tatizo akapewa barua. Upande wa pili walipima kwa simu, mzazi akaonyeshwa picha ya jinsi mwanawe anavyoona, kisha akakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Kwa barua, walifika hospitali asilimia 22. Kwa simu, 54.

Lau walimu wakuu wangeachiwa kuchagua, simu zingechukuliwa na shule zenye bidii, ambazo huenda wazazi wake wangekwenda hata kwa barua. Kura haimjui mwenye bidii wala mzembe; wote huangukia pande zote mbili. Ndiyo maana pengo kubwa hivyo haliwezi kubebeshwa tabia za wazazi. Wazazi ni wa aina ile ile; kilichotofautiana ni njia ya kupima na walivyoambiwa. Hili kwangu ni jambo zito kuliko takwimu yenyewe: jaribio lililobuniwa kupima programu limetupokonya haki ya kulaumu.

Wapo wanaoona ni ukatili kura kuamua mtoto yupi apate nini. Ungekuwa ukatili kama tungejua kipi kinafaa. Kura ni halali maadamu hatujui, na uhalali huo huisha siku matokeo yanapotoka. Tangu hapo, kumpa mzazi barua tupu ni uamuzi wetu, nasi ndio wa kuulizwa.

Hata hivyo, karibu nusu hawakufika hata baada ya picha na kukumbushwa, na hapo lawama hutaka kurudi. Mama wa hapa kwetu Kuresoi anayelazimika kuacha kibarua na kutafuta nauli ya watu wawili hadi mjini haonekani ndani ya wastani wowote. Huyo anahitaji mtu wa kumfuata nyumbani na kumuuliza kilichomzuia, na jibu lake ndilo liamue jaribio linalofuata lipime nini.