Ushahidi wa Mwenye Kulipwa

Jua, ewe ndugu msomaji, kuwa kadhi hapokei ushahidi wa mtu ambaye ushahidi huo wamvutia nafuu, ingawa ni mtu mwema. Si kwamba amemwita mwongo, bali nafsi ya binadamu huelekea lenye faida yake, na mwenyewe asijue.

Basi yatazame mashirika ya sadaka yatoayo mali katika nchi zetu, kisha yakatuma mtu apime kama mali ile imefaa, na ujira wake ukatoka katika mfuko ule ule. Vijiji vya Milenia vilianzwa Sauri, Kenya, mwaka 2004, kisha Mbola, katika Tabora, mwaka 2006, kwa mali ya wahisani, George Soros akiwa mmoja wao. Mwezi wa Mei 2012 wenye kazi hiyo walitangaza katika jarida la matibabu, The Lancet, kuwa vifo vya watoto vijijini mwao vyapungua kwa kasi mara tatu kuliko mashambani mwa nchi zile. Wataalamu wa nje wakaitazama hesabu, wakaona imelinganisha miaka isiyolingana. Wenyewe wakaiondoa kauli ile, na kurudi katika kosa ni uungwana. Lakini lau si wale wa nje, nani angaliliona?

Kyela ni mbali na Mbola, lakini tuseme mpimaji wa namna hiyo amefika nyumba iliyo kando ya mto Mbaka wakati wa masika, mpunga umesimama majini. Auliza, "Mbegu tulizowapa zimewafaa?" Mama mwenye nyumba alitazama gari, lina alama ile ile iliyo juu ya magunia ya mbegu. Atajibu kuwa zimefaa, kwa kuchelea mwakani zisije. Mimi simlaumu, namlaumu aliyepanga swali liulizwe hivyo.

Na wako wasiokumbukwa: kijiji cha jirani kisichopewa kitu, huulizwa yale yale ili kilinganishwe. Asubuhi yao ya kupalilia yapotea, watoto wapimwa uzito, gari laondoka. Mtu akisema, "Bila wao hapana kipimo," tutamjibu: ni kweli, na kwa hiyo wana haki. Waelezwe mapema, waweze kukataa, na matokeo warudishiwe kwa Kinyakyusa au Kiswahili, hata yakimuaibisha mwenye mali.

Naye mwenye mali, akitaka kujua kweli, fedha za kupima azitie mkononi mwa mtu wa tatu tangu siku ya kwanza, na aandike kuwa hesabu itatangazwa vyovyote itakavyotoka. Kisha yule mama wa Mbaka aulizwe tena, na muulizaji aende kwa miguu.