Kadi Iliyochimba na Haki ya Mnunuzi Kujua

Tarehe 15 Septemba 2022, saa 3:42 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha njia yake ya zamani ya kuthibitisha miamala. Mashine zilizokuwa zikikokotoa hesabu usiku na mchana ili "kuchimba" sarafu hiyo zikakosa kazi papo hapo. Nyingi kati yake zilikuwa kadi za michoro, zile zile ambazo mcheza gemu huchomeka kwenye kompyuta yake ili picha zitembee bila kukwama. Wachimbaji wakaanza kuzimwaga sokoni. Bei za mtumba zikashuka, na kijana mwenye bajeti ndogo akapata nafasi ambayo mwaka mmoja nyuma hakuwa nayo, pale kadi ya RTX 3060, iliyoingia sokoni Februari 2021 kwa bei rasmi ya dola 329, ilipokuwa ikiuzwa kwa bei iliyopita hiyo kwa mbali.

Nafasi hiyo ilikuja na swali ambalo fundi peke yake hawezi kulijibu. Muuzaji anajua kadi yake imechimba sarafu mwaka mzima bila kupumzika. Mnunuzi hajui. Kadi inawaka, gemu linakwenda, picha haina doa. Je, muuzaji analazimika kusema?

Wanafalsafa walilivuta swali hili huku na huku zamani sana. Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 KK, anasimulia habari ya mfanyabiashara aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka kwenda Rhodes, kisiwa kilichokuwa na njaa. Anajua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani, na kwamba akisema, bei itaanguka. Diogenes wa Babeli aliona kwamba muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje. Mengine si lazima. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa: watu ni wa jamii moja, na lile ambalo mnunuzi angefaidika kulijua asifichwe. Cicero aliegemea upande wa Antipater. Karne kumi na tatu baadaye Thomas Aquinas alichora mstari wake kwa namna nyingine. Kasoro inayoonekana, kama farasi kuwa chongo, muuzaji anaweza kuinyamazia maadamu bei ni ya haki. Iliyofichika lazima aitaje.

Historia ya kadi ni katika yaliyofichika. Anayejua kuangalia ataona dalili chache: feni inayolegea ukiigusa kwa kidole, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye pedi za kupoza memori, skrubu zilizochunika kwa kufunguliwa. Lakini mchimbaji makini husafisha, hubadilisha pesti, hufuta vumbi, na kadi yake hung'aa kuliko ya mtu aliyecheza gemu miaka miwili chumbani.

Hapo ndipo wauzaji wengi hujitetea, na utetezi wao una ukweli ndani yake. Kuchimba hakuui kadi kama watu wanavyodhani. Mchimbaji mwenye akili hupunguza umeme unaoingia kwenye chipu, kwa kuwa umeme ni gharama, na joto hubaki pale pale saa zote badala ya kupanda na kushuka kila gemu linapofunguliwa na kufungwa. Zinazoumia zaidi ni feni, ambazo hazikusimama, na memori, ambayo ndiyo iliyobebeshwa mzigo. Kadi nyingi za namna hii zinaendelea kufanya kazi vizuri hadi leo. Basi, anauliza muuzaji, kama haina kasoro, niseme nini?

Jibu lililo zito zaidi limo katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa na Imam Muslim. Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya si katika watu wake. Mtu yule hakuwa ameleta mvua, na huenda nafaka ile ililika bado. Kosa lilikuwa kuiweka chini. Kuchimba sarafu nako, kwa upande wa kadi, ni mvua tu. Lawama huanzia pale inapofunikwa.

Wanazuoni wa fiqhi walikwenda mbali zaidi, wakaweka kipimo cha kuijua aibu, yaani kasoro, ya bidhaa: ni ile inayopunguza thamani yake machoni pa wafanyabiashara wenyewe. Kipimo hiki kinamaliza ubishi mwingi. Muuzaji anayeapa kwamba kuchimba si kasoro ajiulize kwa nini basi anaogopa kukutaja. Kama kukutaja kutashusha bei, soko limekwisha kutoa hukumu. Na kadi yenye aibu iliyofichwa mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, sharti la muuzaji la kujivua dhamana ya kasoro zote linabanwa sana. Kauli yenye nguvu hulikubali kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Kadi ya michoro si ng'ombe. Lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" linalobandikwa ukutani madukani halimwokoi aliyejua akanyamaza.

Si wenye mitumba pekee wanaoguswa na jambo hili. Septemba 2014 kampuni ya Nvidia ilitoa GTX 970 kama kadi ya memori ya GB 4. Baadaye ikafahamika kwamba nusu GB ya mwisho ilikuwa na mwendo wa polepole zaidi kwa mbali kuliko sehemu nyingine. Mwaka 2016 kampuni ilikubali kuwalipa wanunuzi wa Marekani dola 30 kwa kila kadi. Hata RTX 3060 ina ndugu mwenye jina lile lile na memori ya GB 8 badala ya 12, na njia yake ya memori hupitisha GB 240 kwa sekunde badala ya 360. Mwenye fedha nyingi akiteleza hapo hununua nyingine. Aliyejinyima miezi kadhaa hana cha kurudia, na kwa sababu hiyo ukimya wa muuzaji humwumiza yeye kuliko yeyote.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Ajue skrini yake ni ya ukubwa gani na pawa saplai yake inabeba nini: kadi ya RX 6600 hula wati 132 hivi na kwa skrini ya 1080p inatosha, na kutamani zaidi ya hapo mara nyingi ni kununua na pawa saplai mpya. Aombe kadi ichomekwe mbele yake, gemu zito lichezwe nusu saa, na programu ya GPU-Z ifunguliwe, maana tangu 2018 inaweza kuzitambua kadi nyingi za zamani zilizobadilishwa jina ndani kwa ndani. Lakini uzembe wa mnunuzi haumhalalishii muuzaji kuficha. Antipater asingekubali, wala mwenye lundo lile la nafaka hakusamehewa kwa kuwa wanunuzi hawakuingiza mikono yao.

Kwa hiyo wewe unayeuza, andika kwenye risiti: kadi hii imechimba, kwa muda huu, feni zimebadilishwa au hazikubadilishwa. Punguza bei kwa kadiri hiyo. Na wewe unayenunua, uliza kabla ya kutoa pesa, na jibu lidai kwa maandishi.